Sehemu ya Ishirini na Tisa

Vijana wa kikundi cha waandishi cha hapa Mbeya wameniomba niandike namna nilivyofanya kazi. Nadhani walitaka siri. Sina. Nimeandika riwaya kwa simu kwa miaka mingi, na mwishoni mwa msimu wa mvua uliopita niliacha. Sikuugua, wala sikugombana na mtu. Macho yalichoka, halafu nilikuwa nimeanza kujua sentensi zangu zitaishia wapi kabla sijazianza. Mwandishi akifika hapo ni heri apande mboga. Nyuma ya nyumba yetu, Iyunga, kuna mchicha na figiri, na hakuna mche hata mmoja unaoniuliza nitaendelea lini.

Vitabu vilikuwa vingapi na vilinipa nini si habari itakayomsaidia mtu. Nitaeleza zaidi yale niliyojifunza kwa kukosea.

Nilianza kwenye steshenari, kando ya barabara kuu, kwa kazi ya kuchapa: barua za kuomba ajira, mikataba ya viwanja, ratiba za mazishi. Siku ya kwanza alikuja mwanamume mmoja aliyetaka barua kwa mkwe wake, kuomba mke arudishwe. Alisimama nyuma ya kiti changu akisema, mimi nikichapa. Alipofika katikati maneno yakamwishia. Akasema, "Hapo we jazia tu, dada. We ndo unajua maneno." Nikajazia. Baada ya majuma mawili alipita na mkewe kutoa fotokopi ya kadi ya kliniki. Sidhani ni barua yangu iliyomrudisha, lakini nilitembea nyumbani jioni ile nikijiona mtu mkubwa.

Riwaya ya kwanza niliichapa pale pale, saa za kula. Nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka stendi, ikaenda Dar es Salaam kwa wachapishaji. Ilirudi baada ya mwaka na zaidi, bila barua, ikiwa na alama ya duara ya kikombe cha chai kwenye ukurasa wa kumi na mbili. Nilifarijika kiasi. Maana yake kuna mtu alifika ukurasa wa kumi na mbili.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Tumpe. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiswahili sekondari, Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikika mpaka dawati la mwisho. Alikuja kuchapisha ratiba ya ibada ya kumkumbuka mumewe. Nilimpa karatasi, akaisoma amesimama, akatoa kalamu mkobani.

"Nani kaandika 'marehemu ameacha wajukuu saba na nyumba mmoja'?"

"Mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Najua ndivyo tunavyoongea hapa. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa sarufi. Usimwaibishe wakati hawezi kujibu."

Nilirekebisha. Alipokuwa akisubiri mashine ipate moto aliona ile bahasha chini ya meza, akauliza ni nini, akaondoka nayo. Siku ya tatu aliirudisha ikiwa imejaa wino wa kijani. Hakunisifu.

"Watu wako hawa wanaishi wapi?" akauliza.

"Mwanjelwa, Mwalimu."

"Mbona wanaongea kama wamezaliwa Unguja? Muuza viazi wa Mwanjelwa, mteja akimkalia kichwani kuhusu bei, anasemaje?"

Nikafikiri. "Anasema, 'We mama, usinisumbuage bwana, bei si nimeshakwambia?'"

"Basi andika hivyo. Sarufi ni ya kwako wewe unayesimulia. Wao waachie midomo yao."

Hilo lilikuwa somo la kwanza. La pili lilihusu vifo. Nilikuwa nimeua watu wanne kwenye kurasa mia mbili, na yeye aliwafufua watatu kwa kalamu. Kuhusu yule wa nne aliniuliza, "Huyu amekufa kwa ajili ya nini?" Nikasema ajali. Akasema, "Sijauliza amekufa kwa sababu gani. Nimeuliza kwa ajili ya nini." Naye akafufuka. Tangu hapo nilipunguza mazishi. Mume wangu Hamisi, anayeuza vipuri vya baiskeli na hajawahi kusoma hata riwaya moja niliyoandika, aliendelea kuniuliza kila asubuhi, "Leo umeua nani?" Nadhani aliamini ndiyo kazi yenyewe.

Halafu zikaja simu kubwa, na kila kitu kikahamia humo. Simu yangu ya kwanza ya kuandikia ilikuwa na ufa kwenye kioo uliopita juu ya herufi q na a. Q haikunisumbua, Kiswahili hakiihitaji. A ilitaka ibonyezwe mara mbili, na Kiswahili bila a hakiendi popote. Juu ya hapo simu ilikuwa na tabia ya kunisahihisha kwa lugha yake. Nilipoandika "akalia" yenyewe ilipenda kuandika "Italia", ndiyo maana katika riwaya yangu ya pili kuna msichana anayefiwa na baba yake halafu "Italia kwa uchungu". Wasomaji waliniuliza amesafiri lini.

Vifaa vingine vilikuwa daftari la shule la kurasa mia moja, penseli, na betri ya akiba kwa siku ambazo umeme umekatika. Daftari lilikuwa muhimu kuliko simu. Humo niliandika jina la kila mhusika, umri, kovu, na nani amemdanganya nani. Simu inasahau, wewe unasahau, msomaji hasahau.

Nilituma sehemu moja kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi jioni, kwenye magrupu ya simu. Riwaya ikiisha naikusanya, Mwalimu anaipitisha kwenye wino wa kijani, halafu inakuwa kitabu cha kusomwa kwenye simu. Jalada la kitabu cha kwanza lilitengenezwa na fundi hodari ambaye hakuwa amekisoma. Aliweka mwanamke mwenye nywele ndefu, amesimama ufukweni kwa gauni lisilo na mikono. Hadithi ilikuwa ya Makambako, mwezi wa saba, na mhusika hakuwahi kuvua sweta.

Wezi walikuwepo tangu mwanzo. Mara moja niliikuta riwaya yangu kwenye grupu lingine, majina yamebadilishwa, mwandishi ni mtu mwingine. Niliitambua kwa kosa langu mwenyewe: sura ya nne kulikuwa na nyumba yenye vyumba viwili, sura ya kumi na moja vikawa vitatu bila fundi kufika. Alikuwa ameiba vyumba vyote. Nikamwandikia. Akajibu, "Samahani mama, mimi si mwizi, mimi ni msambazaji." Nikamshukuru kwa usambazaji, nikamwomba anieleze chumba cha tatu alikijenga nani. Akanibloku.

Hayo ni mambo madogo. Sasa nieleze kesi iliyokuwa ngumu kweli, kwa sababu hiyo ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika karatasi hizi.

Mama yangu mzazi alikuwa bado anaishi Iringa mjini, kule juu, katika nyumba ya duka ambayo babu alijenga alipofika kutoka pwani. Kila baada ya miezi michache nilikwenda kumwona. Basi la Mbeya hukushusha Ipogolo, chini, ndipo upande mlima kwa usafiri mwingine. Safari moja basi liliharibika njiani, nikafika Ipogolo mchana nikiwa na njaa, nikaingia kwenye kibanda cha mama aliyekuwa akipikia madereva wa malori. Walimwita Mama Asifiwe. Mvua ikashuka, wateja wakamaliza kula wakakimbilia magari yao, tukabaki wawili.

Sijui mazungumzo yalianzaje. Watu humweleza mpita njia mambo wasiyomweleza dada yao, wakiamini mpita njia atapita. Aliniambia kwamba kabla ya kuolewa, mara tu baada ya kumaliza darasa la saba, alizaa mtoto wa kike. Dada yake mkubwa wa Mafinga hakuwa na mtoto. Akamchukua yule binti, akamlea kama wake. Binti aliitwa Leah. Mama Asifiwe baadaye aliolewa na dereva wa lori, wakapata Asifiwe, na mume akaamini kwamba Leah ni mtoto wa shemeji yake. Leah alikuja Ipogolo kila likizo, akimwita mama yake mzazi "mama mdogo".

"Njoo nikuoneshe," akasema.

Jiko la nyumbani kwake lilikuwa nyuma ya kibanda. Akaufunga mlango ili nione upande wa ndani. Kulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi. Kila Leah alipokuja alimsimamisha pale, akaweka mstari juu ya kichwa chake, akisema anampima sare ya shule. Sare alishonewa Mafinga siku zote.

"Wenzangu wanakuwaga na picha," akasema. "Mi ninao huu."

Mvua ikakatika. Nikamlipa chakula, nikapanda mlimani kwa mama.

Ilipita kama miaka miwili. Nikaanza riwaya ya mke wa dereva mwenye mtoto wa siri. Nilibadilisha jina lake. Nikamhamishia Tunduma, nikamwuzisha mitumba badala ya wali. Mtoto nikamlelea Vwawa badala ya Mafinga. Nilidhani nimeficha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimebadilisha kila kitu kisichokuwa na uzito. Mlango niliuacha, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko chochote nilichoweza kubuni.

Mlango ulikuwa katika sehemu ya ishirini na tisa. Siri yenyewe ingefichuka katika ya thelathini na tatu, lakini msomaji mwenye akili angeielewa pale mlangoni. Nikaituma Ijumaa. Haijawahi kutokea sehemu niliyoiandika ikasambazwa namna ile. Watu waliniambia wamelia wakiwa ofisini, wamelia sokoni. Mimi nilikunywa chai, nikaridhika.

Jumapili asubuhi simu ikaleta ujumbe kutoka namba nisiyoijua; yangu niliiandika chini ya kila sehemu. Ulikuwa mstari mmoja.

"Mlango wa jiko langu umeuonea wapi?"

Nilijua papo hapo. Kabla sijapata la kujibu ukaja wa pili: "Baba Asifiwe yuko foleni ya mpakani Tunduma. Madereva wanatumianaga hadithi yako. Jana kaniambia kafika ya ishirini na tatu. Anaisifia."

Anaisifia. Neno hilo liliniuma kuliko matusi yote niliyowahi kutumiwa.

Nikaifuta sehemu ile kwenye magrupu yangu. Haikusaidia. Ilishakuwa kwenye magrupu ya watu wengine, na ya watu wa watu hao. Mwandishi wa zamani angeweza kupanda basi, akaenda kiwandani, akasimamisha mashine. Mimi kiwanda changu kilikuwa mifuko ya watu.

Nikaenda kwa Mwalimu Tumpe. Alikuwa uani akichambua maharage kwenye ungo. Nikampa simu, akavaa miwani, akasoma yote taratibu.

"Imeandikwa vizuri," akasema.

"Ndiyo tatizo, Mwalimu." Nikamweleza.

"Huyo mama ulimwomba ruhusa?"

"Hapana."

"Alijua wewe ni mwandishi?"

"Hapana. Nilikuwa mteja tu."

Akarudi kwenye maharage. Alitoa mabovu manne, matano, akayatupia kuku. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Zuhura, nimekufundisha kila kitu isipokuwa hilo. Nilidhani mama yako alishakufundisha."

Sikuwa na umri wa kulia mbele ya mwalimu, ingawa nilitaka.

"Sasa nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ni mtu wa sarufi. Kesho kuna basi la saa kumi na mbili asubuhi."

Nilifika Ipogolo saa sita mchana. Mama Asifiwe alikuwa akisonga ugali. Alinitambua, akaendelea kusonga.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene," akajibu, kwa sababu salamu hainyimwi mtu. Akapakua, akawahudumia madereva watatu, akanawa mikono, ndipo akaja kukaa mbele yangu.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema. "Nitaandika kwamba ile mistari ilikuwa ya kitu kingine. Nitabadilisha hadithi, nitafanya..."

"Aliyesoma kasoma, mama. Utamtoa kichwani?"

"Siwezi."

"Basi usiniambie utabadilisha." Alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua. "Nilichukua tambara niufute ule mlango. Nikafuta mstari mmoja, mkono ukagoma. Nikajiuliza, namficha nani? Asifiwe mwenyewe ameshasoma, kanyamaza tu, ananiangalia." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Kwenye hadithi yako, huyo mume akijua, anafanyaje?"

Nilitamani kudanganya. Daftari lilikuwa mkobani, na mpango ulikuwa humo tangu mwezi uliopita. "Anamfukuza. Anatupa nguo zake nje, mvua inanyesha."

"Kwa nini?"

"Wasomaji wanapenda... wanalia."

"Mume wangu unamjua?"

"Simjui."

"Ushawahi hata kumwona?"

"Hapana."

"Basi umemhukumuje? Mama yangu alipougua, yule mwanaume alimbeba mgongoni kutoka kijijini mpaka barabarani, matope mpaka magotini. Akikasirika ananunaga siku tatu. Ya nne anatafuta kitu cha kutengeneza humu ndani, hata kama hakijaharibika. Mi sijui atafanyaje kwa hili. Nimelala naye miaka kumi na tano, simjui. Wewe umemjulia wapi?"

Kazi zangu zimesomwa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kunihakiki vile.

Aliniambia mambo mawili. La kwanza, nisitume sehemu nyingine mpaka yeye aniambie. Mumewe alitarajiwa Alhamisi, na alitaka aambiwe kwa mdomo wake, siyo kwa simu. La pili alilisema nikiwa nimeshasimama.

"Na mlango wangu unirudishie."

Sikuuliza maana yake. Nilielewa.

Nikasimamisha riwaya. Mkisimamisha hadithi katikati mtajua tabia za watu. Wiki ya kwanza walinibembeleza, ya pili walinitukana. Ya tatu mtu mmoja akaweka picha yangu yenye mshumaa pembeni, akaandika nimefariki, na rambirambi zikamiminika. Baadhi zilikuwa nzuri mno, nikaona haya kuzikanusha. Hamisi aliniletea moja iliyosemwa dukani kwake, akaniuliza, "Leo umejiua mwenyewe?" Sikuweza kucheka.

Mama Asifiwe alinipigia mara moja tu katika wiki hizo. Mumewe hakungoja Alhamisi. Alikuja Jumatano.

"Alikuwa ameshasoma," akasema. "Kashuka garini, kaenda moja kwa moja jikoni, kasimama anauangalia. Nikamwambia kabla hajauliza. Nilitaka litoke mdomoni kwangu."

"Akasemaje?"

"Hajasema. Kapanda gari kaondoka. Hata kula hajala."

"Sasa yuko wapi?"

"Sijui, mama. Simu haiiti."

Katika siku zilizofuata sikuandika hata neno. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nilikuwa nimewahi kuandika kuhusu watu wanaosubiri simu, nikagundua nilikuwa nimekosea karibu yote. Mtu anayesubiri hakai karibu na simu. Anaiacha ndani, anatoka nje, halafu anarudi kila baada ya dakika mbili akijifanya amefuata kitu.

Mwishoni mwa wiki ya tano ukaja ujumbe. "Amerudi. Endelea na kazi yako." Nikajibu kwa maswali manne. Hakujibu hata moja, na alikuwa na haki.

Nikamaliza riwaya. Mpango wa kwenye daftari niliuchana. Mume wa kwenye hadithi hakumfukuza mkewe. Alitoka nje akaligonga gari lake tairi moja baada ya jingine kwa nondo, taratibu, akanuna, halafu siku ya tatu yule binti akaja na kumwita baba, na pale nikaandika Mwisho. Nilijiona nimetubu. Wasomaji wengine walisema nimepoa, wengine walisema ni tamu.

Ilipokuja kuwa kitabu, niliutoa mlango. Ukurasa bora kuliko yote niliyowahi kuandika haumo katika kitabu changu chochote. Walioisoma hadithi tangu kwenye grupu waliniandikia kuuliza sehemu ile imeenda wapi. Niliwaambia kuna mtu alikuja kuichukua. Mwalimu Tumpe, alipopitisha wino wake, alifika pale penye pengo, akaandika pembeni neno moja tu la kijani: "Sawa." Kwa miaka yote ya kunisahihisha hakuwahi kuniandikia neno hilo.

Nikaweka sheria moja ambayo nawaachia. Mtu akianza kukueleza maisha yake, mkatize. Mwambie kwanza kazi yako ni ipi. Wengi watanyamaza, na utakosa hadithi nzuri. Zikose.

Zaidi ya mwaka ulipita kabla sijateremka tena Ipogolo na kuwa na ujasiri wa kuingia kwenye kile kibanda. Hii ilikuwa mwaka huu, mvua zikielekea kuisha. Mama Asifiwe alinikaribisha kama anavyokaribisha mteja, akaniletea wali na maharage, akarudi kwenye moto. Msichana mrefu alikuwa akiosha vyombo nyuma, na kwa shingo ile, ya Mama Asifiwe mtupu, sikuhitaji kuambiwa ni Leah. Mwanamume mmoja mnene, mwenye mvi kidogo, aliinuka kwenye benchi la mwisho na sahani yake, akaja kukaa mbele yangu.

"Ndo wewe mwandishi," akasema.

"Ndiyo mimi, baba."

"Mi ndo Baba Asifiwe."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya siku hiyo kwa mwaka mzima. Alinyoosha kiganja kabla sijaanza.

"Hayo uliyaongea na mama. Mi nina makosa mawili ya kukuonesha." Akatoa simu yake, akafungua kitabu changu, akashuka mpaka kurasa za mwisho. "Hapa. Dereva akiwa na hasira hagongi tairi. Tairi linataka usikilize. Mtu mwenye hasira anafutaga vioo. Mi nilifuta vioo kutoka hapa mpaka Mafinga, kila nikisimama."

"Ulienda Mafinga?"

"Sasa ningeenda wapi? Kurudi nyumbani ndo kulichukua mwezi, Mafinga nilifika usiku ule ule. Nikapaki nje kwa shemeji, nikalala garini siku mbili. Nilitaka kuingia nimseme. Nikitafuta neno la kuanzia, silipati. Siku ya tatu asubuhi huyo akaniletea chai." Akaonesha kwa kidevu kule kwenye vyombo. "Akasema, 'Baba mdogo, mama anasema unywe, halafu uingie ndani au uondoke. Majirani wanauliza.'"

"Ukaingia?"

"Chai ilikuwa imeshaletwa."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, mtu akilielekeza kwa kupiga bati.

"Yeye ameambiwa?" nikauliza.

"Wamemwambia mama zake wote wawili, wamekaa pamoja. Alikasirika kuliko mimi. Sasa ndo kaja hapa kwa mara ya kwanza tangu siku hiyo, na hajasema atakaa mpaka lini." Akashusha tena kitabu, akaweka kidole gumba kwenye kioo. "Kosa la pili hili. Umeandika binti alimwita mwanaume baba siku ya tatu. Mama, siku ya tatu? Huyu mpaka leo ananiitaga baba mdogo. Mwingine atasoma hapa, atangoja siku ya tatu, atakata tamaa bure. Rekebisha."

Vitabu vya simu vina ubaya mwingi, lakini vinarekebishika mezani. Nikatoa simu yangu, nikafungua faili. Kwanza nikaondoa nondo na matairi, nikaweka tambara na vioo, akanisomesha namna mtu anavyoanza na kioo cha kushoto. Halafu nikafuta "siku ya tatu". Kijistari cha kuandikia kikabaki kikipepesa kwenye kioo pale palipokuwa na maneno.

"Niandike siku ya ngapi?" nikamwuliza.

Aligeuka kumtazama Leah, aliyekuwa amemaliza vyombo na sasa anakung'uta maji mikononi, akitafuta pa kukaa kati ya mama yake na benchi letu.

"Acha wazi," akasema.